Rasi Hutoa kwa Mkono wa Kushoto

Saa mbili kasorobo, Lynmouth, Oktoba,
jua bado linatafuta viatu vyake.
Mto unapiga kelele peke yake
kati ya mawe makubwa kama mafriji yaliyotupwa.
Tamsin Chugg amesimama ukutani na chupa ya chai,
haangalii simu, anaangalia maji.
"Nusu kwa nusu," anasema,
na Tamsin akisema nusu kwa nusu
mwenye akili hurudi kitandani.

Mimi nimetoka zamu ya usiku.
Mashuka mia nne na kumi ya wagonjwa
nimeyakunja tangu jana magharibi.
Kitanda kinaniita kwa jina langu la ubatizo,
nimejifanya sisikii.

Nguo ya mpira ina unyevu wa juzi.
Kuivaa ni ugomvi: goti, kiwiko, shingo,
Tamsin akinivuta zipu mgongoni
kama anayefunga gunia la mbatata.

Mawe haya, aliwahi kuniambia,
mto uliyashusha usiku wa mafuriko,
ukapita na jiko la bibi yake na kuku wote tisa.
Ndiyo yanayoyavunja mawimbi siku hizi.
Sikujua niseme pole au ahsante.

Maji ni ya kahawia, chai ya hospitali iliyopoa.
Baridi haipigi hodi, inaingia hadi kwenye meno.
Upepo wa magharibi unavuruga kila kitu:
mawimbi matatu yanakuja yamepanga foleni,
la nne limelewa,
la tano linaanguka lote kwa mpigo
kama kabati la vyombo.
Naanguka nalo.
Naanguka na la sita.
Kester, kijana wa duka la samaki,
anadandia mbele yangu lile la saba
na kuomba radhi akishashiba.

Mama alinionya: usipokee kwa kushoto,
na mtu akikupa kwa kushoto
jiulize amekuona wewe nani.
Rasi hii haikulelewa na mama yangu.
Wimbi hushika jabali la mbali, likainama,
likafunguka kushoto, kushoto tu;
upande wa kulia kuna mawe na aibu.
Miaka miwili sasa napokea hivyo hivyo,
viganja wazi, bila adabu.

Halafu, saa tatu na dakika nane hivi,
upepo ukakatika katikati ya sentensi.
Maji yakalala kama shuka lililopigwa pasi,
nami pasi naijua.
Likaja moja, si kubwa,
kimo cha mlango wa stoo.
Nikachota maji mara nne, mara tano,
mkia wa ubao ukanyanyuka,
miguu ikasimama kabla sijaiomba.

Nikaenda.

Ukuta wa kahawia ubavuni, vidole vikiuchana,
majabali meusi yakipita chini moja moja,
kanisa, reli ya mlimani, koti jekundu la Tamsin
vyote vikirudi nyuma,
na kwa mara ya kwanza wiki hii
sikukunja chochote.
Wimbi lilijikunja lenyewe.

Sekunde kumi na moja? Tisa?
Nilisahau kuhesabu, mimi ninayelipwa kuhesabu.

Upepo ukarudi na mvua mkononi.
Kufika saa nne maji yamejaa hadi ukutani,
rasi imefunga duka,
Kester anaelea kama kizibo, anangoja asichokijua.
Natoka nikitambaa juu ya mawe,
ugoko umechunika, pua inatiririka bahari.

Tamsin ananipa kikombe kwa kushoto,
kulia kwake kumeshika ubao wangu.
Napokea.

"Mangapi?"
"Moja."
Anafikiri, anatema jani la chai.
"Moja na nusu. Lile la kwanza nilikuona,
ulikuwa umeshapiga magoti."